Uzi: Dead Man's Chest (2006), wapi inabamba na wapi inayumba?

#1 Kibuye_Projekta

Wadau, Jumamosi ijayo saa nane mchana kilabu chetu cha filamu hapa Kisumu kinaonyesha sehemu ya pili ya maharamia wa Karibi, Dead Man's Chest, kisha mjadala wa saa moja. Nataka hoja zenye mifupa. "Ni kali" na "ni ndefu" hazitoshi. Kali wapi, ndefu wapi, na kwa nini? Theluthi hivi ya watakaokuja hawajaona ya kwanza, kwa hivyo semeni pia wanachopaswa kuelezwa kabla taa hazijazimwa.

Ya juu juu ninayo: ilitoka Marekani 7 Julai 2006, mwelekezi Gore Verbinski, waandishi Ted Elliott na Terry Rossio, dakika 151, bajeti takriban dola milioni 225, mapato zaidi ya dola bilioni moja. Ilikuwa filamu ya tatu kuvuka bilioni, baada ya Titanic na The Return of the King. Hayo tuwaachie wahasibu.

#2 Menengai_Sinema

Kwa wasioona ile ya 2003, dakika tatu zinatosha. Jack Sparrow alikuwa nahodha wa Black Pearl, Barbossa akamwasi na kumtelekeza kisiwani. Mwishoni Jack alimpiga Barbossa risasi, akafa. Will ni mhunzi kijana; babake, anayeitwa Bootstrap Bill, alifungwa kwenye mzinga akatoswa baharini huku akiwa chini ya laana isiyomruhusu kufa. Komodoo Norrington alikuwa amchukue Elizabeth, binti wa gavana, akamkosa kwa Will, kisha akampa Jack siku moja ya kutangulia badala ya kumkimbiza papo hapo. Dira ya Jack haionyeshi kaskazini. Na yule tumbili ni mfu anayetembea. Waliotoka ukumbini mapema 2003 hawakumwona akichukua sarafu ya laana baada ya majina kupita.

La Barbossa kufa ndilo usilisahau. Asiyelijua, sekunde za mwisho za sehemu hii zitampita kama matatu iliyojaa.

#3 Mwalimu_wa_Skripti

Kibuye, wape watu wako kipimo kimoja cha kutumia wakitazama: toa kipande, uone nini kinaanguka mbele. Kisipoanguka kitu, kipande hicho kilikuwa pambo, hata kama kilichekesha.

Anza na kisiwa cha Pelegosto, wale wala watu. Kina mbwembwe nyingi: vizimba vya mifupa vinabingirika, Jack anakimbia akiwa bado amefungwa kwenye mti wa kuchomea nyama, mbwa anafukuzwa. Sasa kitoe. Kinachopotea ni mambo mawili tu, Will kumpata Jack na meli kuondoka. Yote mawili yangekaa kwenye gati lolote kwa dakika tano. Gharama yake ni kubwa, kwa sababu Davy Jones, adui ambaye filamu nzima inamzunguka, haonekani mpaka karibu saa nzima ipite. Jack anakimbia deni, nasi tunakimbia naye bila kumjua mdai.

Linganisha na Edinburgh Trader, ile meli ya biashara ambayo Kraken, mnyama mkubwa wa baharini anayetumwa na Jones, anaivunja vipande. Pale tunafunzwa tabia ya mnyama hatua kwa hatua. Meli inasimama ghafla kama imepanda mwamba. Kimya. Minyiri inapanda ubavuni polepole bila mtu kuiona. Kisha anakamata katikati ya chombo na kukivunja mara mbili. Anapokuja kwa Black Pearl, Will tayari anajua atakuja ubavu upi, na anawazuia wapiga mizinga wasifyatue mpaka minyiri ijae mbele ya matundu. Hatuhitaji maelezo, tulikuwepo. Ukiitoa Edinburgh Trader, pigano la mwisho linakuwa kelele tupu.

Mchezo wa kete ndani ya Flying Dutchman, meli ya Jones, nao unapita mtihani, tena mara tatu. Will anagundua unakokaa ufunguo wa sanduku lenye moyo wa Jones. Bootstrap anajitoa mhanga, anaingia mchezoni na kupoteza makusudi ili mwanawe asifungwe milele. Na Jones anajidhihirisha kuwa mtu wa mikataba kabla ya kuwa mtu wa upanga. Waelezeni watu kanuni mapema: kila mchezaji ana kete tano chini ya kikombe, wakiwa watatu jumla ni kete 15, unataja ni ngapi za namba fulani ziko mezani kwa wote, anayefuata apandishe au akuite mwongo. Asiyejua kanuni ataona watu wakitajiana namba tu.

#4 Bungoma_Reli

Mwalimu, unakikata kisiwa kwa panga butu. Jack pale ni chifu. Amevikwa taji, amepakwa macho usoni, anaheshimiwa na kila mtu, na ndiye chakula cha jioni. Hiyo si hali yake kwa Jones? Alipewa unahodha wa Pearl kwa miaka 13, alipe kwa miaka 100 ya utumishi. Cheo kikubwa, mwenye cheo ameshauzwa. Kisiwa kinasema kwa vichekesho kile ambacho deni linasema kwa uchungu.

Halafu kizimba cha pili chenye mabaharia kinatumbukia bondeni. Hao ni mabaharia waliopungua melini.

#5 Mwalimu_wa_Skripti

Nakubali mfano wa chifu, ni mzuri kuliko filamu yenyewe ilivyoutumia. Lakini mfano si tokeo. Jack hatoki kisiwani akiwa amejifunza chochote kuhusu deni lake. Na hao mabaharia waliokufa, taja mahali upungufu wao unapoumiza. Kule Tortuga wanaandikisha watu kwa sababu ya hesabu ya Jones, si kwa sababu ya kizimba.

Na hapo kuna tundu jingine. Jones anadai roho 100 kwa siku tatu, anamhesabu Will kuwa moja, zimebaki 99. Saa imewekwa, mtazamaji anakaa wima. Gibbs, msaidizi wa Jack, anaandikisha wanne mezani Tortuga, halafu? Siku ya kwanza haitajwi, ya pili haitajwi, roho hazihesabiwi tena. Dira, ambayo huonyesha anachokitaka aliyeishika, inamwelekeza Elizabeth kwenye sanduku na biashara ya roho inatupwa kama ganda la muwa. Ukiweka tarehe ya mwisho usoni mwa mtazamaji, lazima uirudie kila baada ya muda. Hii imesahauliwa na waandishi wenyewe.

#6 Bungoma_Reli

Hilo la siku tatu sina jibu. Umenikamata.

#7 Tanga_la_Dunga

Ngojeni niseme la upepo, kwa sababu wengi wanalipita.

Pearl inapofukuzwa na Dutchman, Gibbs anaeleza kwamba Dutchman huishinda Pearl ikienda joshi, yaani dhidi ya upepo, na kwamba upepo ukitoka nyuma Pearl huiacha. Sekunde chache tu, lakini ni kanuni inayotawala mbio zote. Na imechaguliwa na mtu anayejua tanga. Meli ya foromali, yenye matanga ya mraba yaliyotandazwa kukingama na chombo, haiwezi kuukaribia upepo zaidi ya nyuzi 60 hivi. Ikijaribu, tanga linapiga kofi na chombo kinarudi nyuma. Boti zetu za tanga la pembetatu hapa ziwani huukaribia upepo vizuri zaidi, ndiyo maana mvuvi hurudi pwani kwa kwenda mshazari, mara kulia mara kushoto. Sasa Dutchman ina foromali kama Pearl, halafu inakwenda joshi kwa kasi. Baharia yeyote akiona hivyo anajua kuna uchawi kabla hajaona hata mnyiri mmoja. Hiyo ni kazi nadhifu: uchawi umeonyeshwa kwa kuvunja kanuni moja tu ya bahari huku nyingine zote zikiachwa salama.

Pearl ya sehemu hii ni chombo kinachoelea kweli. Ganda lake lilijengwa juu ya meli halisi kule Alabama, tofauti na ya 2003 iliyokaa juu ya tishari. Inaonekana. Sitaha inapoinama, watu wanaegemea upande sahihi. Nayo Edinburgh Trader iliigizwa na nakala ya Bounty, meli ya mbao iliyojengwa 1960 kwa ajili ya filamu nyingine. Ilizama kweli Oktoba 2012 katika kimbunga Sandy.

Udhaifu wa bahari ni mmoja: umbali. Watu wanahama kutoka Port Royal hadi Tortuga hadi kisiwa cha sanduku kana kwamba wanavuka kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita kwa feri. Elizabeth anajificha melini, mkato mmoja, amefika.

#8 Fundi_Pikseli

Nimesubiri mfike kwa Davy Jones.

Kwanza namna alivyopigwa. Kabla ya hapo, kunasa mwendo wa mwigizaji kulifanyika zaidi katika studio maalumu, yeye peke yake, kamera nyingi zikimzunguka, kisha mhusika anabandikwa kwenye picha baadaye. ILM, kampuni ya madoido ya picha, ilifanya tofauti. Bill Nighy, anayemwigiza Jones, alivaa suti ya kijivu yenye mikanda na alama, akaigiza palepale sitahani, juani na mvuani, mbele ya Johnny Depp, yaani Jack. Kamera za ziada kando ya kamera kuu zilirekodi alama zile, na kompyuta ikapiga hesabu ya mwili wake kutokana na hizo. Faida si ya kiufundi tu. Depp anamtazama mtu, hatazami mpira uliofungwa kwenye kijiti. Nighy akichelewesha neno nusu sekunde, Depp anachelewa naye. Mtazamaji hajui sababu, anahisi tu kwamba hao wawili wako chumba kimoja.

Pili, ndevu. Ni minyiri 46, na hakuna mhuishaji angeweza kuisogeza yote kwa mkono katika kila picha. Waliandika programu iliyoipa kila mnyiri uzito wake, viungo vyake na kiasi cha kunata, ili mmoja ukigusa mwingine usiteleze kama plastiki bali ushike kidogo, ndipo uachie. Wahuishaji waliongoza ile michache yenye kazi tu. Angalia pia mrija wa kupumulia kwenye shavu lake la kushoto. Hana pua, kwa hivyo hasira yake inatokea hapo, unafura na kunywea.

Tatu, na hili ndilo linalofanya kazi hii isizeeke: Jones daima amelowa. Ngozi kavu ya binadamu ndiyo mtihani mgumu kwa kompyuta kwa sababu sote tunaijua. Ngozi ya pweza iliyolowa hurudisha mwanga kwa vidoa vidogo vikali, na hakuna aliyekaa mezani na pweza mwenye kofia akajua anapaswa kuonekanaje. Walichagua kiumbe anayewaruhusu kushinda. Tuzo ya Oscar ya madoido ya picha ilikwenda kwao 2007, na hakuna aliyelalamika.

#9 Kibuye_Projekta

Macho je? Watu wawili hapa wanabishana kwamba macho ni ya Nighy mwenyewe na vipodozi.

#10 Fundi_Pikseli

Wote wawili wanunue soda. Alipakwa rangi kuzunguka macho na mdomo kama tahadhari, endapo macho ya kompyuta yangeshindwa. Hayakushindwa, kwa hivyo uso mnaouona ni wa kompyuta mzima, na macho ndani yake. Lakini kila kupepesa na kila mkunjo umefuata alichofanya Nighy. Hata wakosoaji wa magazeti waliandika wakidhani ni vipodozi.

Niseme na upungufu, msidhani nimelipwa. Mabaharia wa Dutchman ni wengi mno na wazuri mno kwa muda waliopewa. Yupo mwenye kichwa cha papa-nyundo, yupo mwenye kichwa cha kombe kinachodondoka na kutembea chenyewe. Kila mmoja ni kazi ya miezi, kisha anapata sentensi moja. Unawakumbuka kwa umbo, huwakumbuki kwa jina wala kwa nia. Ni Bootstrap pekee mwenye hadithi, na Stellan Skarsgård anaibeba vizuri. Ile sehemu anapochukua mjeledi amchape mwanawe yeye mwenyewe, kwa kuwa mkono wa yule mwingine ungerarua nyama, ndiyo sekunde chache ambazo filamu hii inaacha mzaha kabisa.

#11 Nyar_Ahero

Mmezungumza wanaume na meli kurasa nzima. Haya.

Elizabeth wa sehemu hii ameandikwa vizuri kuliko Will na nitalisimamia. Anamtolea Beckett, mkubwa wa Kampuni ya Mashariki ya Uhindi, bastola ili apate hati. Anavaa nguo za baharia na kuwachonganisha wanaume wa meli nzima kwa gauni tupu lililofungwa kamba. Na mwishoni ni yeye, si jambazi yeyote, anayemuua Jack: anambusu huku anamfunga pingu mlingotini, kwa sababu amepiga hesabu kwamba Kraken anamtaka mtu mmoja. Jack mwenyewe anamtambua palepale kuwa haramia. Filamu ya watoto wa Disney inayompa binti wa gavana uamuzi kama huo haikuogopa kitu.

Kinachoharibu ni pembetatu ya mapenzi. Dira inayomwonyesha Jack wakati Elizabeth anamtaka Will ni wazo zuri, maana hata yeye hajui anachotaka. Lakini Will anaona busu, hasemi neno, na kutoelewana huko kunabebwa mpaka filamu ya tatu. Watu wazima wawili, swali moja lingetosha.

Tia Dalma. Naomie Harris anampa uzito ambao karatasi haikumpa. Ndani ya kibanda kile mtoni, kazi aliyopewa ni kueleza: Jones alipenda, akaumia, akautoa moyo, akauweka sandukuni, huruhusiwa nchi kavu siku moja kila miaka kumi, chukua mtungi huu wa udongo. Mganga mweusi msituni anayewaelezea wageni njia yao. Sote tunaijua picha hiyo, imechakaa kama noti ya shilingi hamsini.

Na kisiwa chenu cha wala watu kina tatizo kubwa kuliko urefu. Pelegosto walipigwa picha Dominica, ambako Wakalinago, waliokuwa wakiitwa Wakaribi, bado wanaishi. Chifu wao wakati huo, Charles Williams, alipinga hadharani watu wake kuhusishwa na ulaji watu, ingawa wengine walikubali kazi ya kuigiza. Baraza la Wagarifuna kule Belize nalo lilipinga. Neno la Kihispania na Kiingereza la mla watu limetokana na jina la watu hao, tangu safari za Columbus. Yaani walitukanwa kwa jina lao wenyewe miaka mia tano, kisha filamu ikaja kuuza popkoni kwa tusi lilelile. Mwalimu, kwenye kipimo chako cha kutoa kipande, ongeza hiyo upande wa gharama.

#12 Mwalimu_wa_Skripti

Nimeongeza. Asante, dada.

#13 Menengai_Sinema

Kuhusu Beckett. Wengi humwona adui baridi kwa sababu hana upanga mkubwa wala minyiri. Mimi naona ndiye wazo bora la sehemu hii. Yule ni karani mwenye hati. Anamkamata Will na Elizabeth siku ya harusi kwa karatasi, anamtuma Will kwa karatasi, na anamnunua Jack kwa karatasi: ile hati inayoruhusu meli ya mtu binafsi kuwinda meli za adui kwa niaba ya mfalme. Bila hati wewe ni haramia wa kunyongwa, ukiwa nayo ni mzalendo. Hati hizo zilikuwepo kweli.

Kihistoria wamechanganya. Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya Uhindi, iliyopata hati yake 1600, biashara yake ilikuwa Asia. Haikutawala Port Royal. Lakini sisi huku tusiipuuze picha ya kampuni inayofika kwanza na serikali kufuata. Kampuni ya Mackinnon, ile Imperial British East Africa (IBEA), ilipewa hati 1888 kuendesha nchi hii, ikashindwa, serikali ya Uingereza ikachukua 1895, reli ikafika Kisumu 1901. Na moja ya meli za kwanza za mvuke ziwani, iliyoletwa vipandevipande na kuunganishwa hapo Kisumu, iliitwa William Mackinnon. Kibuye, ukimwonyesha Beckett ofisini, waambie watu waitazame ramani kubwa ukutani. Kuna mchoraji anaijaza polepole. Hiyo ndiyo silaha yake. Kila pembe ikichorwa, Jack anakosa pa kujificha.

Udhaifu: Tom Hollander, anayemwigiza Beckett, anaonekana mwanzo, mara moja moja katikati, na mwisho. Adui wawili wanagawana filamu na hawakutani hata siku moja.

#14 Tanga_la_Dunga

Menengai umemaliza. Hata Port Florence, jina la zamani la Kisumu, lilitoka kwa mke wa mhandisi wa reli, wenyeji hawakuulizwa. Lakini tusitoke kwenye uzi.

#15 Bungoma_Reli

Hakuna aliyegusa pigano la watu watatu na gurudumu? Haki yenu.

Kwa nini linafanya kazi: kila mmoja ana sababu tofauti na zote tatu ni halali. Will anataka kuuchoma kisu moyo wa Jones ili babake awe huru. Jack anataka kuushika moyo ili Jones amwondolee Kraken. Norrington anataka kuupeleka kwa Beckett arudishiwe cheo. Jones akifa, Jack anapoteza kinga. Jack akiwa nao, babake Will anabaki mtumwa. Hakuna mapatano yanayowezekana, kwa hivyo lazima wapigane, na kila mara wawili wanamgeukia wa tatu kisha wanageukana. Watu watatu wanatoa jozi tatu, na mpangaji wa pigano amezipitia zote. Ufunguo unahama mikono mchana kweupe, huulizi "sasa anao nani".

Chini yake kuna pigano la pili lenye hesabu yake. Elizabeth na maharamia wawili, Pintel na Ragetti, wana panga mbili kwa watu watatu, wakishambuliwa na mabaharia wa Jones. Panga zinarushwa kutoka mkono hadi mkono. Ukikaza macho unaona kwamba wakati wowote mmoja yuko mikono mitupu. Kichekesho chote kimejengwa juu ya upungufu huo mmoja.

Gurudumu lenyewe lilijengwa kweli na kubingirishwa kweli, ndiyo maana linaumiza kulitazama. Kosa lake ni kukaa muda mrefu kidogo kuliko utamu wake. Tayari mmeona vizimba vikibingirika kisiwani. Kitu cha mviringo chenye watu ndani kinachobingirika msituni, mara mbili filamu moja!

#16 Mwalimu_wa_Skripti

Hapo umenisaidia kukata kisiwa, asante.

Langu la mwisho ni Jack. Katika filamu ya kwanza alikuwa pilipili, ugali ukiwa Will na Elizabeth. Watu walipenda pilipili, basi sehemu ya pili ikapika sufuria nzima yake. Anaingia kwa kutoka ndani ya jeneza na kupiga kasia kwa mguu wa mifupa, sawa, tunacheka. Lakini mtu anayekwepa kila kitu hawezi kuvuta hadithi ya saa mbili na nusu, anaweza tu kuvutwa. Waandishi wanalijua hilo, na dawa yao ni nzuri. Dira imekataa kumwonyesha njia filamu nzima kwa sababu hajui anachotaka. Kraken anaivamia Pearl, Jack anatoroka na mashua peke yake, anaifungua dira, safari hii sindano inatulia. Anarudi. Hakuna hotuba.

Na kwa Jones kuna utani wa kisheria ninaoupenda. Jack anajitetea kwamba aliongoza Pearl miaka miwili tu kabla ya kuasiwa. Jones anamjibu kwamba miaka yote hiyo amekuwa akijitambulisha kwa watu kama nahodha. Majivuno yake ndiyo ushahidi dhidi yake. Wakili yeyote wa Kakamega angeipokea hoja hiyo.

Mwisho wenyewe si mwisho. Sehemu ya 2 na ya 3 zilipigwa kwa pamoja, na hii ikaachwa mlango wazi mpaka Mei 2007. Jones hajashindwa, moyo uko kwa Beckett, Jack amemezwa. Lakini Barbossa anapojitokeza mwishoni, msimlaumu kuwa ametoka hewani. Walipofika kwa Tia Dalma mara ya kwanza, tumbili waliomlipa nao alikimbilia chumba cha ndani, na pale buti za mtu zinaonekana. Ziko wazi kwa atakayetazama.

#17 Kibuye_Projekta

Nimeandika kurasa nne. Sasa la vyombo: kitambaa chetu ni mita 2.4 kwa 1.35, projekta ya kawaida, spika mbili, paa la mabati. Nini kitaharibika?

#18 Fundi_Pikseli

Vitu vitatu.

Picha ni pana, uwiano 2.39 kwa 1. Kwenye kitambaa chako itakuwa na kimo cha mita moja hivi, robo ya kimo itabaki nyeusi juu na chini. Mtu atakuja kukuambia uivute ijae. Kataa. Ukiivuta, watu wanarefuka na gurudumu linakuwa yai.

Giza. Dutchman iko kwenye mvua na usiku karibu kila mara, bluu juu ya nyeusi. Saa nane mchana Kisumu, mwanga ukipenya hata chini ya mlango, ndevu za Jones zinakuwa tope. Ziba madirisha kwa kitambaa kizito cheusi tabaka mbili, na usiongeze mwangaza wa projekta, kwa sababu hiyo hugeuza nyeusi kuwa kijivu.

Sauti. Maneno ya waigizaji yamewekwa katika spika ya katikati, ambayo wewe huna. Kifaa kikiachwa kitoe mkondo wa spika nyingi, utasikia mizinga na hutamsikia Nighy, ambaye tayari anaongea kwa lafudhi ya Kiskoti. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua stirio ya mikondo miwili, kisha jaribu kwenye mazungumzo ya Jones na Jack kabla watu hawajafika. Usijaribu kwenye muziki. Muziki wa Hans Zimmer utasikika hata ukiweka redio ya mkononi.

Pumziko liweke Jones anapompa Jack zile siku tatu. Hapo ni karibu nusu ya filamu, na watu watatoka wakiwa na hesabu kichwani.

#19 Menengai_Sinema

Na mkiweka msimulizi wa Kiswahili, kama wale madijei wa vibanda vya video, mwambieni anyamaze mahali pawili: kwenye kete, kwa sababu namba ndizo hadithi, na Jones anapopiga kinanda kwa ndevu. Wimbo ule ndio unaolia kwenye kidani chake wakati Will anamwibia ufunguo. Akipiga domo mara ya kwanza, ya pili haina maana.

#20 Bungoma_Reli

Ataitaje Kraken? Pweza? Watu wa ziwani watauliza ni samaki gani.

#21 Tanga_la_Dunga

Aseme Kraken. Omera, watamwelewa akivunja meli.

#22 Nyar_Ahero

Kibuye, moja tu. Wakikuuliza yule mbwa wa funguo aliyeachwa akifukuzwa kisiwani alikwenda wapi, usijibu, na usizime projekta majina yakianza kupita. Yanapita kwa dakika kadhaa. Mwishoni kabisa mbwa yuko kwenye kiti cha enzi, amepewa uchifu, na tunajua kazi ya chifu wa kisiwa kile inaishia wapi.